Mmezo wa Hiari

Ilikuwepo nchi moja ambayo jina lake halitatajwa hapa. Si kwa woga, ni kwa adabu tu. Jina lile lilikuwa limekodishwa kwa kampuni ya sabuni kwa miaka kumi na mitano, na mwananchi aliyetaka kulitamka alipaswa kwanza kuomba kibali na kunawa mikono. Wenyewe waliiita "huku kwetu" na wakaendelea na maisha.

Huku kwetu aliishi mama mmoja, Sikudhani, mwenye stashahada ya uhazili, mtoto mmoja wa kike aitwaye Semeni, na jiko linaloingiza mwanga mzuri asubuhi. Kwa vitu hivyo vitatu alijipatia riziki. Kampuni zilimletea bidhaa: unga wa uji, mafuta ya nywele, dawa ya mende. Yeye alijirekodi kwa simu akizitumia jikoni kwake, kanga kiunoni, bila kupambwa na bila kusoma karatasi. Kisha aliipeleka video kwa kampuni, nayo kampuni ikairusha mtandaoni kana kwamba imeuokota njiani ushuhuda wa mteja aliyefurahi. Sikudhani hakuwa maarufu, na hiyo ndiyo ilikuwa biashara yenyewe. Watu walishachoka kushauriwa na warembo. Walitaka kushauriwa na mtu mwenye sufuria iliyoungua.

Kazi aliijua. Alijua kwamba mtazamaji hutoa sekunde tatu tu, kisha kidole kinasukuma. Kwa hiyo video zake zilianza katikati ya jambo: uji unafurika, mende yuko ukutani, kitana kimenasa. Na alikuwa na sharti moja ambalo kampuni zilimcheka kwa ajili yake, lakini zikalikubali. Bidhaa lazima aitumie siku saba kwanza, kimya kimya, ndipo aisifu. Isipomridhisha anairudisha. Dawa ya mende aliirudisha mara mbili. Mende walikuwa wamenenepa.

Serikali ya huku kwetu ilikuwa sikivu. Ilipoona wananchi wanafurahi ovyo ovyo bila usimamizi, ilisikitika, ikaunda Wizara ya Ushuhuda wa Hiari. Kila mwenye kazi kama ya Sikudhani akapewa leseni, na kwenye simu yake ikawekwa programu ya Wizara. Programu hiyo ilitazama kila kipande kilichorekodiwa, ikakipeleka yenyewe makao makuu, na huko mashine iliyonunuliwa ng'ambo ikapima ndani yake kuna ukweli kiasi gani. Kipimo hicho kiliitwa Kiwango cha Uasilia. Waraka Namba Tisa, uliotiwa sahihi na Mkurugenzi wa Uasilia mwenyewe, Daktari Kiango, ulisema kipande kitakachozidi asilimia tisini kirushwe hapo hapo kwenye skrini zote za nchi bila mtu kukigusa, maana mkono wa mtu huharibu ukweli.

Daktari Kiango aliutia sahihi waraka huo kwa moyo mweupe. Tangu mashine ianze kazi, rekodi ya taifa ilikuwa asilimia sitini na moja. Iliwekwa na mwanamke mmoja aliyesifu kodi ya kichwa huku akikata vitunguu.

*

Siku ya Jumatatu, afisa mmoja alibisha hodi kwa Sikudhani. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, suti ya kahawia, na shingoni amening'iniza kifaa kama kile cha daktari cha kusikilizia kifua.

"Mama Semeni, hongera," alisema kabla hajaketi. "Naitwa Shomvi. Taifa limekuchagua."

"Kwa lipi?"

"Kwa sufuria yako. Kamati iliitazama, ikatokwa na machozi."

Akatoa karatasi ya maelekezo. Sikudhani aliisoma kwa kasi, kama alivyozoea kusoma maelekezo ya kampuni, akitafuta mahali penye mtego. Bidhaa: Maji ya Chemchemi ya Taifa, yanayotoka kwenye bomba jipya la mtaani. Mahali: jikoni kwa mama wa kawaida. Mhusika: mtoto wa miaka sita hadi minane. *Mtoto atashika bilauri kwa mikono miwili. Atakunywa yote. Kisha, bila kuambiwa, atasema: "Mama, niongeze."*

Alipofika hapo hakuendelea.

Bomba lile alilijua. Lilizinduliwa wiki tatu nyuma kwa ngoma na hotuba ya saa mbili, ambayo ndani yake neno "maji" lilitajwa mara moja tu, kwa bahati mbaya. Maji yalitoka na rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa, na harufu ya kiberiti kilichozimwa. Bomba lilipita chini ya kiwanda cha betri, na wataalamu walikuwa wameeleza kwamba hiyo ni faida, kwa kuwa maji yatafika yakiwa na nguvu. Sikudhani, kama kawaida yake, aliyajaribu siku saba kabla hajampa mtu. Aliyamwagia mchicha wake wa kwenye kopo. Siku ya tatu mchicha ulilala. Siku ya tano kijiko alichokiacha ndani ya ndoo kiligeuka kijani. Siku ya saba mtoto wa jirani yake, Bi Mwantumu, alipelekwa hospitali tumbo limemvimba kama ngoma, na muuguzi akaandika kwenye cheti: *mtoto amefurahi kupita kiasi.* Muda wote huo Sikudhani aliteka maji kisimani, mwendo wa nusu saa, na tangu mchicha ulipolala akawa anayachemsha.

"Bwana Shomvi," alisema, "hapa pameandikwa 'bila kuambiwa.'"

"Naam."

"Sasa mimi nimwambie saa ngapi?"

"Leo jioni, ili keshokutwa aseme bila kuambiwa."

"Ninywe mimi."

"Mtu mzima? Mama Semeni, watu wazima wanakunywa mambo mengi. Hilo halimshawishi mtu."

"Basi nina sharti langu. Siku saba za kujaribu kwanza."

Shomvi akafunua ukurasa wa pili na kuonyesha kwa kidole. "Zimeshapita. Tumekuhesabia. Umejaribu siku saba, umeridhika, na umetia sahihi. Hii hapa, sahihi yako, tena nzuri."

Kweli ilikuwa nzuri kuliko yake.

"Nikikataa?"

Shomvi alishusha pumzi kama mtu anayeombwa kusema jambo la aibu mbele ya wageni. Akatoa kijitabu chenye picha za rangi. Juu paliandikwa: *Bweni la Tabasamu.* Picha ilionyesha watoto arobaini wamepangwa mstari, wote meno nje, macho yao yakitazama mahali pengine.

"Kukataa ni huzuni ya makusudi. Sheria inamwonea huruma mtoto anayelelewa na huzuni, kwa hiyo inamchukua. Mihula mitatu tu. Wanarudi wanatabasamu hata wakiwa usingizini." Alisita kidogo. "Wengine hatujaweza kuwasimamisha."

Semeni alikuwa mlangoni, mguu mmoja una kiatu. Alikuwa na miaka saba na masikio yanayofanya kazi. Aliangalia kijitabu, akamwangalia mama yake.

"Nimekubali," alisema Sikudhani. "Njooni Jumatano."

*

Jioni hiyo alimkalisha binti yake mezani na bilauri tupu.

"Sikiliza. Utashika hivi. Utaweka mdomoni, utainamisha, lakini humezi."

"Nikiinamisha yataenda wapi?"

"Yatakaa mdomoni."

"Bilauri nzima?"

Walijaribu kwa maji ya kisimani. Mashavu ya Semeni yalivimba, kisha akacheka, na maji yakatoka puani. Sikudhani alimfuta uso, wakarudia. Mara ya sita mtoto aliweza kubaki na robo mdomoni na kumwaga inayobaki ndani ya kola ya gauni, bila mtu kuona.

"Mama, na nikimeza kwa bahati mbaya?"

"Hutameza."

"Lakini nikimeza?"

Sikudhani hakuwa mama wa kubembeleza. Alimwambia akapige mswaki.

*

Jumatano saa mbili asubuhi mtaa ulijaa magari. La kwanza lilibeba taa. La pili lilibeba Bwana Shomvi. La tatu lilibeba Daktari Kiango mwenyewe, mtu mnene mwenye sauti ya kufungulia mikutano, akiwa na kreti la maji ya chupa kutoka ng'ambo kwa ajili ya koo lake. La nne lilikuwa lori lenye mnara wa mtandao mgongoni. Kwa kawaida mtandao wa mtaa huo ulitosha kutuma neno moja, tena fupi, lakini Wizara ilitaka ushuhuda ufike makao makuu ungali moto.

"Mama!" alisema Mkurugenzi akilizungukia jiko. "Umaskini huu umepangwa vizuri sana. Nani mbunifu wako?"

"Ni jiko langu, Mheshimiwa."

"Usibadilishe kitu. Hata hilo shimo."

Bomba la mtaani lilikuwa limevutiwa mpira mpaka jikoni, ukaishia chini ya nembo ya taifa, kwenye koki mpya inayong'aa iliyofungwa ukutani asubuhi hiyo. Nyuma yake ukuta haukuwa na bomba lolote. Sikudhani aliisimamisha simu yake juu ya kigoda chake, akawasha taa ya duara, na programu ya Wizara ikawaka yenyewe. Kanuni ilikuwa kwamba kamera ya serikali haizimwi mpaka afisa aseme "Imetosha," kwa sababu ukweli unaweza kutokea wakati wowote, na ukitokea usikute watu wamezima.

"Nina swali moja," alisema Sikudhani. "Naweza kuijaza bilauri mapema, niiweke tayari?" Nyuma ya pipa la unga alikuwa ameficha jagi la maji ya kisimani aliyoyapaka rangi kidogo kwa majani ya chai.

"Hapana," alisema Shomvi. "Koki, bilauri, mdomo. Bila kukatika. Maelekezo, kifungu cha nne."

Jagi likabaki nyuma ya pipa.

"Basi tuanze. Semeni, njoo."

Ndipo Shomvi alipokivua kile kifaa shingoni na kukipasha joto kiganjani. "Samahani, mama Semeni, Jumatatu sikujitambulisha vizuri. Mimi ni Afisa Mmezo wa Wilaya. Kazi yangu ni kusikiliza koo. Kulikuwa na visa, unajua. Watu wanabakiza mdomoni." Akapiga goti mbele ya Semeni na kumwekea kifaa kooni kwa upole wa daktari wa watoto. "Meza mate, mwanangu. Safi kabisa. Una mmezo mzuri sana."

Semeni alimtazama mama yake. Sikudhani alitazama saa ya ukutani. Saa mbili na nusu.

Njia ya kwanza imefungwa, njia ya pili imefungwa. Ilibaki moja. Asubuhi, wakati mafundi wanafunga mpira, alimsikia mmoja akisema kwamba maji yamefunguliwa kwa kibali maalumu mpaka saa saba mchana, kisha yanarudi kiwandani kupozea mitambo. Yaani muda wa saa nne na nusu. Sikudhani alijua kuchelewesha. Kampuni zilikuwa zimemfundisha: marekebisho kumi na manne kwa video ya sekunde ishirini.

"Mheshimiwa," alisema, "kivuli cha sufuria kinaanguka kwenye nembo ya taifa."

"Kisianguke!" alisema Daktari Kiango.

Walihamisha sufuria. Kivuli cha birika kikaanguka. Wakahamisha birika, na ikabidi Mkurugenzi ajisomee kanuni za nembo ili kujua birika linaweza kuwa upande gani wake. Saa tatu na nusu. Sikudhani akasema gauni la Semeni lina rangi ya chama cha zamani. Likaletwa gauni lingine. Akasema nywele za mtoto zimesukwa kwa ustadi mno, mama wa kawaida hana muda huo, zifumuliwe upande mmoja. Saa tano. Semeni alikaa kwenye kiti chake, akifumuliwa, macho kwenye koki. Kila mara mtu alipoijaribu, ilikohoa, ikatema kitu cheusi, kisha ikamwaga chai ya mkandaa.

"Sekunde tatu za mwanzo hazishiki," alisema Sikudhani. "Mtazamaji atasukuma. Tufanye tena."

"Huyu mama ni fundi!" Mkurugenzi alimwambia Shomvi, akifuta jasho kwa maji ya chupa.

Saa sita, koo la Mkurugenzi likamaliza kreti. Dereva wake alitumwa kuleta lingine, na kwa kuwa kazi imechelewa hivyo, apitie shuleni amchukue binti wa Mkurugenzi, ambaye kwa kawaida baba yake humpeleka nyumbani mwenyewe.

Saa sita na dakika ishirini, Daktari Kiango alifunga kitabu cha kanuni.

"Uhodari basi. Mama, mtoto anywe sasa."

"Mheshimiwa, mwanga wa dirishani..."

"Mama Semeni." Sauti ya kufungulia mikutano ilikuwa imeondoka, na iliyobaki ilikuwa ndogo, ya mtu wa ofisini. "Nimeona kila kitu unachofanya. Mimi pia niliwahi kuwa karani. Gari la Bweni liko nyuma ya lori. Anakunywa, au anapanda."

Sikudhani alichukua bilauri. Aliifungua koki. Ilikohoa, ikatema, ikajaza. Aliiweka mezani mbele ya binti yake.

"Mama," alisema Semeni kwa sauti ya chini, "niseme yale maneno?"

"Ngoja kidogo, mwanangu."

"Asingoje," alisema Mkurugenzi.

Shomvi akapiga goti, akaweka kifaa kooni. Semeni akanyoosha mikono yote miwili.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia msichana wa miaka minane hivi, sare ya shule ya gharama, begi mgongoni, uso umeiva kwa jua. Ndiye Johari, binti wa Mkurugenzi. Dereva alikuwa amemfikisha, lakini duka la maji ya ng'ambo alilikuta limefungwa.

"Baba, nina kiu," alisema. Akaona bilauri imejaa mezani, na kama mtoto yeyote mwenye kiu, akaichukua.

Sikudhani aliruka, akakikumba kigoda cha simu. Yeye ndiye aliyekuwa karibu. Hata hivyo alipitwa. Daktari Kiango, mtu ambaye huinuka kitini kwa awamu tatu, alivuka jiko lote kwa hatua moja na kuipiga bilauri kwa kofi. Ikaruka, ikapasukia kwenye nembo ya taifa.

"Tema!" alipiga kelele. Alikuwa amemshika binti yake taya na kumwingiza vidole mdomoni. "Tema, Johari! Tema yote! Umemeza? Umemeza, mwanangu? Shomvi! Njoo hapa! Sikiliza!"

Shomvi, kwa kuwa ndiyo kazi yake, alihamisha kifaa kutoka koo moja hadi jingine. Alifumba macho.

"Hakumeza, Mheshimiwa."

"Una hakika?"

"Nathibitisha kitaalamu. Hakuna mmezo."

Daktari Kiango aliketi sakafuni kwenye maji na vigae vya bilauri, akamkumbatia binti yake, akalia kwa sauti kama mtu asiye na cheo.

Ndipo simu ya Sikudhani ilipolia kengele ndogo. Ilikuwa imeegemea pipa la unga, mahali ilipoangukia, kioo kikiwatazama. Programu ilikuwa imekwisha kuchagua kipande yenyewe, kuanzia pale kofi linapotua kwenye bilauri. Sikudhani, pamoja na yote, hakuweza kuzuia wazo la kikazi: sekunde tatu za mwanzo ni kamili, hakuna mtu atakayesukuma.

Kwenye skrini paliandikwa: *Kinapelekwa makao makuu. Asilimia nane.*

*

"Futa," alisema Mkurugenzi.

"Siwezi, Mheshimiwa. Kipande ni mali ya taifa."

"Shomvi, futa."

"Kuna fomu, Mheshimiwa." Shomvi alikuwa tayari anafungua mkoba. "Fomu ya Kufuta, nakala tatu. Ninazo mbili."

*Asilimia kumi na tisa.*

"Zima mtandao!"

Mtu alikimbia hadi kwenye lori. Akarudi akihema. Mnara una kufuli mbili, na ufunguo wa pili uko Wizara ya Minara, na huko wamekwenda chakula cha mchana. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa ule mtandao ulikuwa mzuri, na ulikuwa mzuri kwa amri ya Mkurugenzi.

*Asilimia thelathini na nne.*

"Vunja simu!"

"Kuvunja kifaa kikiwa kazini ni uhujumu," alisema Shomvi kwa huzuni. "Mheshimiwa ndiye aliyeipendekeza adhabu yake. Mimi nilipiga chapa."

"Lete hiyo fomu!"

Aliandika jina. Aliandika cheo. Akafika mahali palipoandikwa: *Eleza kwa ukweli sababu ya kufuta.* Kalamu ikasimama.

*Asilimia hamsini.*

Aliandika, "Kwa sababu maji," akakata. Fomu ya kwanza ikaharibika. Akachukua ya pili. "Kwa sababu mtoto wangu," aliandika, kisha akaitazama ile sentensi kama mtu anayeitazama nyumba yake kwa mbali. Wote walimtazama: mafundi wa taa, dereva, Shomvi na kifaa chake. Sikudhani alikuwa amemshika Semeni bega, kwa nguvu kuliko alivyojua.

"Baba," alisema Johari, "mbona ulinipiga?"

"Sikukupiga wewe."

"Ulipiga glasi. Mbona ulipiga glasi?"

*Asilimia themanini na moja.*

"Maji yale ni mabaya?"

Mkurugenzi aliinamia fomu.

"Mbona huyu alikuwa anapewa ayanywe?" alisema Johari, akimwonyesha Semeni kwa kidole.

Kalamu ilianguka. Hakuna aliyeiokota. Kengele ililia tena, na kisha, kutoka kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, kutoka baa, kutoka kwenye skrini kubwa ya stendi, ilisikika kwa pamoja sauti ya bilauri ikipasuka, na sauti ambayo nchi nzima iliijua kutoka kwenye hotuba, lakini haikuwahi kuisikia hivi: *Tema! Umemeza, mwanangu?*

Shomvi aliinama kuisoma simu. "Kiwango cha Uasilia," alisema. "Asilimia mia moja, Mheshimiwa. Hongera."

Koki ukutani ilikohoa, ikakauka. Ilikuwa saa saba.

Sikudhani alilitoa jagi nyuma ya pipa la unga, akamimina bilauri moja, akampa Johari. Msichana hakuipokea. Alimtazama baba yake kwanza.

"Haya ni ya wapi?" aliuliza Daktari Kiango kutoka sakafuni.

"Kisimani. Rangi ni ya chai tu, nimeitia mwenyewe."

"Umeyachemsha?"

"Nimeyachemsha."

"Dakika ngapi?"

"Kumi, Mheshimiwa. Tangu mchicha ulipolala, dakika kumi kila siku."

Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mteja aliyeridhika. "Kunywa, mwanangu," alisema. Kisha, kwa sauti ambayo kamera haikuipata, "Na mimi kidogo, dada."

*

Serikali ya huku kwetu haikosi maelezo. Ilitangaza kwamba kipande kile kilikuwa zoezi la wepesi wa mikono kwa watumishi wa umma, na kwamba Mkurugenzi amefaulu. Akahamishiwa mkoa usio na bomba. Koki ikafungwa kwa ukarabati wa sifa. Sikudhani alipokea bahasha moja yenye vitu viwili: nishani ya asilimia mia moja, na barua ya kumnyang'anya leseni kwa kosa la uasilia uliopita kiasi. Nishani ilikuja na msamaha: familia ya mshindi haikaguliwi furaha yake kwa mwaka mzima. Shomvi ndiye aliyeileta bahasha. Aliomba radhi kwa barua, akakiacha kijitabu cha Bweni mkobani, na alipokuwa anaondoka aliuliza kisima kiko upande gani.

Asubuhi iliyofuata foleni ya kisimani ilifika barabara kuu. Bi Mwantumu alikuwepo, mtoto wake mgongoni, bado mwembamba lakini anapiga kelele. Mbele yao walisimama madereva wanne wenye mapipa yaliyoandikwa *Mali ya Wizara.*

"Na nyinyi?" Bi Mwantumu aliwauliza. "Si mna Chemchemi ya Taifa?"

"Sisi tumetumwa tu, mama," alisema mmoja, akasogeza pipa lake mbele.

Sikudhani alirudi na madumu mawili, akachemsha, akapoza. Taa ya duara ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Mwanga wa asubuhi uliingia dirishani, mzuri kama siku zote, na hapakuwa na kitu cha kurekodi. Semeni alirudi kutoka kucheza, uso umejaa vumbi, akashika bilauri kwa mikono miwili na kunywa yote bila kupumua. Koo lake lilipanda na kushuka, na hakuna aliyelisikiliza ila mama yake.

Akaishusha bilauri, akafuta mdomo kwa mkono.

"Mama, niongeze," alisema. Hakuna aliyemwambia.